Kasri Lililojengwa kwa Ajili ya Ngazi

Palazzo Madama, katikati ya Uwanja wa Castello mjini Torino, kaskazini mwa Italia, lina nyuso mbili zisizofanana hata kidogo. Anayelijia kutoka magharibi, kwa barabara ya Via Garibaldi, hulakiwa na ukuta mpana wa mawe meupe wenye nguzo ndefu na madirisha makubwa ya tao. Paa halionekani. Palipotarajiwa vigae pana ukingo wa mawe, na juu ya ukingo huo zimepangwa sanamu na vyungu vya mapambo vilivyochongwa. Anayelijia kutoka mashariki, upande wa mto Po, hukutana na ngome ya matofali mekundu yenye minara minene na handaki. Mwonyeshe mtu picha za pande hizi mbili bila maelezo, atakuapia kuwa ni majengo mawili, pengine ya nchi mbili.

Ni jengo moja. Uso mweupe ulisanifiwa na Filippo Juvarra na kujengwa kati ya mwaka 1718 na 1721, na mimi sijui kazi nyingine ya mtindo wa Baroko katika Italia ya kaskazini inayoushinda kwa utulivu na ujasiri kwa pamoja. Hata hivyo uso huo ni dibaji tu. Nyuma yake hakuna vyumba vya kulala, wala ofisi, wala kumbi za karamu. Kuna ngazi. Upana wote ule, kimo chote kile, mawe na vioo vyote vile vimewekwa ili kuzisitiri ngazi mbili pacha zinazompandisha mtu kutoka usawa wa barabara hadi orofa ya kwanza. Katika nyumba nyingi ngazi hupewa kona iliyobaki baada ya vyumba vyote kugawiwa nafasi. Hapa ngazi ndiyo iliyotengewa mahali pa heshima, mbele ya kila kitu, ikitazama mji.

Mahali penyewe pana umri mkubwa kuliko Baroko. Warumi walipoujenga mji wao wa Augusta Taurinorum waliuzungushia ukuta wenye malango, na lango la mashariki lilikuwa papo hapo, likilindwa na minara miwili yenye pande 16 kila mmoja. Minara hiyo haikubomolewa. Katika karne za kati lango likageuzwa ngome, na mwanzoni mwa karne ya 15 Ludovico wa Acaia, wa tawi la ukoo wa Savoy, akaipanua ngome kuelekea mashariki na kuipa minara mingine miwili, hata ikawa mraba wenye mnara kila pembe. Kila kizazi kiliegemeza ukuta wake kwenye ukuta kilioukuta. Leo mtu akizunguka jengo kwa miguu anapita enzi nne kabla hajachoka.

Karne ya 17 ikaleta wajane wawili ambao cheo chao ndicho kilichobaki kuwa jina la kasri. Wa kwanza ni Marie Christine, binti wa Mfalme Henri IV wa Ufaransa, aliyefiwa na mumewe, mtawala wa Savoy, mwaka 1637, akashika hatamu kwa niaba ya mwanawe mdogo. Aliitwa Madama Reale, na ngome ya kijeshi akaifanya makazi. Uwanja wa ndani uliokuwa wazi ukafunikwa na kuwa ukumbi mkubwa. Wa pili ni Maria Giovanna Battista wa Savoy-Nemours, mjane wa Carlo Emanuele II aliyefariki mwaka 1675. Naye alitawala kwa niaba ya mwana, Vittorio Amedeo II, mpaka mwaka 1684 mwana alipoamua kujitwalia madaraka. Mama alibaki na kasri lake, na heshima yake, na hamu isiyopungua ya kujenga.

Wasomaji wa Afrika Mashariki huenda wamewahi kukutana na ukoo huu wa Savoy bila kuutambua. Kilele cha juu kabisa cha milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, kinaitwa Margherita kwa sababu aliyeongoza msafara wa kwanza kukifikia, mwaka 1906, alikuwa Luigi Amedeo wa Savoy, naye akakipa jina la malkia wa Italia. Na Amedeo wa Aosta, wa ukoo uo huo, mzaliwa wa Torino, alifariki Nairobi mwaka 1942 akiwa mfungwa wa vita, akazikwa Nyeri.

Mwaka 1713, kwa mkataba wa Utrecht, Vittorio Amedeo alipata kisiwa cha Sicilia na pamoja nacho cheo cha mfalme. Alikwenda kukiona kisiwa chake kipya, na huko Messina, mwaka 1714, akampata msanifu. Sicilia haikudumu mikononi mwake. Mwaka 1720 alilazimika kuibadilisha kwa Sardinia. Msanifu alibaki naye. Nathubutu kusema kwamba katika biashara yote ile ya visiwa, Juvarra ndiye faida iliyodumu.

Filippo Juvarra alizaliwa Messina mwaka 1678 katika familia ya mafundi wa fedha. Kabla hajachora jengo lolote alikuwa amejifunza kufua na kuchonga madini, kazi ambayo kosa dogo la mkono huonekana palepale. Akapata upadri, kisha mwaka 1704 akaenda Roma kusoma chini ya Carlo Fontana, msanifu aliyekuwa mkongwe wa fani katika mji ule. Huko Roma akaingia pia katika kazi ya tamthilia: alimchorea Kardinali Pietro Ottoboni mandhari za jukwaa za opera, makasri na kumbi za mbao na turubai zilizotakiwa zionekane hazina mwisho ilhali jukwaa lenyewe lilikuwa dogo.

Ukizijua shule hizo mbili, Palazzo Madama linaanza kusomeka. Kutoka kwa fedha Juvarra alijifunza kwamba umbo huishi kwenye ukingo wake, pale mwanga unapokatika na kivuli kuanza. Kutoka jukwaani alijifunza kuuliza swali ambalo wasanifu wengi hulisahau: mtazamaji atakuwa amesimama wapi, na hatua inayofuata ataona nini?

Tuanze na uso, basi, kwa kuwa ndio unaotupokea. Sehemu ya chini ni fupi na nzito. Mawe yake yamechongwa yakaacha mifereji kwenye maungio, nayo inasema wazi kazi yake ni kubeba. Juu ya kitako hicho inasimama orofa kuu, ndefu kupita matarajio, ikiwa imepangwa kwa nguzo kutoka sakafu yake hadi boriti ya mawe iliyo chini ya ukingo. Katikati, nafasi tatu zimesogezwa mbele kidogo, na hapo nguzo ni za mviringo, zimechomoza wazi kutoka ukutani. Pembeni, kushoto na kulia, nguzo zimebanwa zikawa bapa, zimechomoza kiasi cha kutosha tu kuonyesha kwamba zipo. Tofauti hiyo haihitaji maelezo kwa jicho. Nguzo za katikati hutupa kivuli kirefu na kulivuta jicho kwenye mlango. Za pembeni hutulia. Juvarra hakuongeza rangi wala dhahabu ili kutuonyesha pa kuingilia. Alipima kina cha kivuli.

Sanamu za juu ya ukingo, kazi ya Giovanni Baratta wa Carrara, zinamalizia kazi hiyo. Kila moja imewekwa kwenye mstari wa nguzo iliyo chini yake, hivyo jicho linalopanda na nguzo halikomei kwenye boriti. Linapokelewa na umbo la binadamu na kuachiwa anga.

Jambo la ajabu kuliko yote usoni hapa ni vioo. Kati ya nguzo na nguzo karibu nafasi yote imeachwa dirisha, refu na la tao, na juu yake kuna safu ya madirisha madogo. Kutoka uwanjani unaweza kudhani ni orofa mbili. Ndani ni nafasi moja tu, ndefu kwenda juu, na safu zote mbili za madirisha zinaimwagia mwanga.

Na hapo ndipo mwashi anapopaswa kusimama na kujiuliza limewezekanaje. Juu ya ngazi hizo kuna dari la tao, na dari la tao halikandamizi kuta chini tu, bali huzisukuma kando, kama mtu aliyesimama mlangoni akiisukuma miimo ya mlango kwa mikono yote miwili. Mjenzi wa kawaida hujibu msukumo huo kwa ukuta mnene wenye matundu madogo. Juvarra alikuwa ameubomoa ukuta wake wa mbele kwa kalamu kabla haujajengwa. Kilichobaki ni nguzo na vipande vyembamba vya ukuta kandokando yake, na hivyo ndivyo vinavyobeba. Kwa hiyo nguzo zile ambazo kwa nje tunaziona pambo zinafanya kazi ya kweli. Waashi wa Piemonte, eneo la Torino, walikuwa mabingwa wa dari za matofali, wepesi wa kuziviringa na hodari wa kufunga kazi kwa vyuma visivyoonekana. Bila mafundi wa namna hiyo michoro ile ingebaki mandhari ya opera.

Ukipita mlango wa katikati unaingia kwenye sebule ya chini, yenye kivuli na dari la karibu. Giza hilo la wastani limekusudiwa. Kushoto na kulia zinaanza ngazi, mapacha, na yoyote utakayoichagua itakufikisha mahali pamoja, kwenye kituo cha juu mbele ya mlango wa ukumbi mkubwa. Vidato ni vipana na kimo chake ni kidogo, kwa sababu waliokusudiwa kuvipanda walivaa mavazi mazito na hawakuwa na haraka. Katika makasri ya enzi ile kupanda ngazi kulikuwa sehemu ya mapokezi: mwenyeji alipokupokelea ndipo palipopima cheo chako, na macho ya waliosimama juu yalikuwa yameshakufikia kabla yako.

Unavyopanda, mwanga unaongezeka. Uso wa jengo unatazama magharibi, hivyo alasiri jua huingia moja kwa moja kupitia vile vioo vikubwa, likalala juu ya vidato na kupanda ukuta wa nyuma. Dari linakuwa mbali zaidi kadiri unavyolikaribia, kwa maana kila hatua inakufunulia sehemu yake nyingine iliyokuwa imefichwa na tao. Kisha unageuka na kumwona mtu anayepanda ngazi ya pili upande wa pili, akiwa amefanya kila ulichofanya. Hiyo ndiyo tamthilia ya Juvarra. Hakuna waigizaji walioandikwa. Kila apandaye ni mtazamaji na ni mtazamwa.

Mapambo ya ndani yangestahili makala yao wenyewe. Hakuna picha kubwa ya miungu iliyochorwa darini, jambo ambalo kasri lolote la wakati ule lingeliona kuwa la lazima. Juvarra alijizuia. Alitaka nakshi zenye rangi ileile ya kuta na mawe: kombe za pwani, mashada ya majani na maua, fremu zinazopinda na kurudi, zote zimeinuka kutoka ukutani kiasi cha kushika kivuli na si zaidi. Kwa mbali unazihesabu kuwa sehemu ya ukuta; ukikaribia unaona mkono wa fundi.

Kazi ya lipu ya namna hii ilikuwa na utaratibu wake, na ulirithishwa kutoka baba hadi mwana, hasa katika familia za mafundi waliotoka eneo la maziwa karibu na Lugano na kufanya kazi Piemonte yote. Fundi huanza na mifupa: misumari, waya na vipande vya tofali vilivyochomekwa ukutani pale pambo litakaponing'inia. Juu ya mifupa hiyo hubandika chokaa na mchanga, mchanganyiko wenye chembe kubwa, akalipa pambo unene wake. Mwisho huja tabaka jembamba la chokaa laini na unga wa marumaru, na hili ndilo linalochongwa kwa visu na vijiti lingali na unyevu. Muda ni mfupi. Chokaa ikishashika, jani lililokosea ncha limekosea. Ndiyo maana kombe zilizofanywa kwa mkono, zikitazamwa kwa subira, hazilingani kabisa: moja imekunjuka zaidi, nyingine mkunjo wake umekazwa. Kigezo kilikuwa kimoja na mikono ilikuwa mingi.

Waashi wa mawe walikuwa na taabu ya aina nyingine. Jiwe jeupe la uso lilitoka Chianocco, katika bonde la Susa magharibi ya Torino. Ni jiwe linalochongeka vizuri na lina weupe wenye joto fulani, lakini si gumu kama marumaru ya Carrara. Mvua na barafu ya majira ya baridi hulila polepole. Kila kizazi cha watunzaji wa Palazzo Madama kimelazimika kupanda tena juu kukagua nyufa, kujaza, kukaza. Sioni kasoro hapo. Jengo ambalo linadai fundi kila baada ya miaka linaufanya ufundi wenyewe usife.

Jambo lingine hunishangaza kila ninapoisoma historia ya miaka ile mitatu minne. Mwaka 1719 Juvarra hakuwepo Torino. Mfalme João V wa Ureno alimwita Lisbon, na kutoka huko akapita London na Paris kabla ya kurejea mwaka 1720. Wakati huo huo kanisa la Superga, kilimani juu ya mji, lilikuwa limeanzishwa tangu 1717 kwa michoro yake. Mtu mwenye kazi nyingi namna hiyo hawezi kumsimamia kila mwashi. Ni lazima michoro iwe imesema kila kitu: mviringo wa kila kichwa cha nguzo, kina cha kila mfereji, na vigezo vya ukubwa halisi ambavyo fundi angeweza kuviweka juu ya jiwe na kuvifuata kwa patasi. Juvarra alikuwa mchoraji mwepesi kupita kiasi, lakini wepesi wake haukuwa uzembe.

Na kisha kazi ikasimama. Alichokuwa amekibuni Juvarra kilikuwa kikubwa zaidi: kasri lote lingevikwa mawe na ngome ya zamani ingepotea ndani yake. Kilichojengwa ni sehemu ya mbele tu. Maria Giovanna Battista, aliyekuwa ameiagiza kazi hiyo, alifariki mwaka 1724. Juvarra aliendelea na Superga, na kuanzia 1729 na kasri la uwindaji la Stupinigi, mpaka Mfalme wa Hispania alipomwita Madrid kuchora ikulu mpya badala ya ile iliyoungua mwaka 1734. Akafia huko, Januari 1736. Palazzo Madama halikuguswa tena kwa kiwango kile.

Wapo wanaosikitikia sehemu zilizobaki bila kujengwa. Mimi sisikitiki. Kama kazi isingesimama, minara ya Kirumi na kuta za Acaia zingefunikwa, nasi tungekuwa na kasri moja zuri kati ya makasri mengi ya Ulaya. Tulichonacho ni ngazi iliyotangulia kasri lake, na nyuma yake miaka elfu moja na mia kadhaa ya matofali yaliyoachwa wazi kusomwa.

Ngazi hizo nazo zilipata wapandaji ambao Juvarra hakuwawazia. Katika karne ya 19 Mfalme Carlo Alberto aliweka ndani ya kasri mkusanyiko wa picha za kifalme, na juu ya mnara mmojawapo kulikuwa na kituo cha kutazama nyota. Mwaka 1848, alipotoa katiba, ukumbi ulio mbele ya kituo cha juu ukawa ukumbi wa Seneti, na hivyo ukabaki hadi Torino ilipopoteza cheo cha mji mkuu wa Italia miaka ya 1860. Jumba la Roma linaloitwa pia Palazzo Madama, ambamo Seneti ya Italia hukaa leo, ni jengo jingine kabisa. Maseneta wa kwanza walipanda ngazi za Juvarra. Zilizojengwa kumheshimu mama wa mfalme zikawatosha pia watu waliokuja kumwekea mfalme mipaka, wala hazikuhitaji kubadilishwa hata kidato kimoja.

Tangu mwaka 1934 jengo ni makumbusho ya sanaa ya kale ya mji. Humo imo picha ya mtu mmoja iliyochorwa na Antonello da Messina mwaka 1476, mzaliwa wa mji uleule wa Juvarra, na inapendeza kuona watu wawili wa Messina wakikaa chini ya paa moja huku kaskazini. Kati ya 1988 na 2006 makumbusho yalifungwa kwa ukarabati mrefu. Mwaka 1997 UNESCO iliyaweka makasri ya ukoo wa Savoy, hili likiwemo, katika orodha ya urithi wa dunia.

Ukijaliwa kufika Torino, nenda alasiri, siku ya jua. Usiridhike na picha ya kupigwa uwanjani. Pita mlango wa katikati, panda ngazi ya kushoto taratibu, kaa juu kwa muda uone wanaopanda, kisha ushuke kwa ya kulia. Ukiwa na nafasi, rudia kwa kubadilisha upande, maana mwanga wa ngazi moja si mwanga wa nyingine.